Jua la Mungu, Ratiba ya Nani?

Nimekula mshahara wa serikali kwa kuandika hukumu za watu wengine. Nilikuwa karani wa mahakama ya kadhi hapa Unguja mpaka nikastaafu, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa pembeni ya meza nikinakili nani kadai matunzo ya watoto, nani kaomba khului, nani kaapa na nani kakataa kuapa. Mpira ndio maradhi yangu ya pili. Ndiyo maana filimbi ikilia jicho langu halimwendei mfungaji wala kipa. Linamwendea refa, kwa mazoea yaleyale ya kumtazama Bwana Kadhi kabla hajafungua mdomo, nijue leo yumo katika hali gani.

Hali ya anayehukumu si jambo dogo katika dini. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu asihukumu baina ya wawili akiwa na hasira, na mafakihi wakaipimia hasira kila kinachomvuruga mtu akili: njaa, shibe iliyopita kiasi, kiu, usingizi, haja iliyombana, joto kali. Imamu Nawawi aliligusa jambo hili katika Minhaji, kitabu ambacho masheikh wa pwani hii wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, na hukumu yake kwetu Mashafi ni makuruhu. Kadhi niliyemtumikia alilishika kwa vitendo. Umeme ukikatika mwezi wa Februari na pangaboi likasimama, alifunga jalada. Wenye kesi walinuna, maana wengine walitoka Makunduchi kwa daladala tangu alfajiri, lakini aliwaambia warudi kesho asubuhi. Siku moja mdai mmoja alipozidi kulalamika, alimjibu, "Mwanangu, unataka hukumu au unataka jasho langu?"

Nilimkumbuka sana Januari 12, 2022. Mali na Tunisia walicheza Limbe, Kamerun, mji wa pwani wenye joto la kunata kama letu la kaskazi, na mchezo ulianza saa nane mchana kwa saa za huko. Refa alikuwa Janny Sikazwe wa Zambia. Hakuwa mgeni wa kazi, kwani ndiye aliyechezesha fainali ya AFCON ya 2017, na Kombe la Dunia la 2018 alikuwepo. Mali wakapata penalti, Ibrahima Koné akafunga. Tunisia nao wakapata yao, Wahbi Khazri akapiga, kipa akaicheza. Dakika ya 85 Sikazwe akapuliza kipenga cha mwisho. Akapigiwa kelele, akarudisha mpira. Dakika mbili baadaye akamtoa mchezaji wa Mali, El Bilal Touré, kwa kadi nyekundu. Kisha, saa ya uwanjani haijafika hata 90, akamaliza tena, bila dakika hata moja ya majeruhi, ingawa VAR ilikuwa imekula muda wa kutosha.

Benchi la Tunisia likamwingilia uwanjani, walinzi wakamtoa. Baadaye wakubwa wakataka dakika zilizobaki zichezwe chini ya mwamuzi mwingine. Mali wakarudi, Tunisia wakagoma, kocha wao akieleza kwamba vijana wake walikuwa wameshakaa kwenye maji ya barafu zaidi ya nusu saa. CAF ikayatupa malalamiko yao, na 1-0 ikabaki ilivyo. Mchezo uliofuata, uwanja huohuo, Mauritania wakapigiwa wimbo wa taifa usio sahihi, wakakosewa tena na tena. Kuna siku hata spika zina shetani.

Barazani kwetu watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengine wakasema kanunuliwa. Waliobaki wakasema neno ambalo hunichoma zaidi ya yote: Tunisia hawakuwa na bahati.

Siku chache baadaye Sikazwe akarudi Lusaka na kueleza yaliyompata. Alikuwa amepigwa na joto. Alisema maji alikunywa lakini hayakumkata kiu, sauti za wenzake kwenye vifaa vya masikioni zikampotea, na nusura arejee kwao ndani ya jeneza. Akaongeza kwamba anaamini Mungu ndiye aliyemwambia amalize mchezo, na kwa hivyo akamwokoa.

Kauli hiyo nayo ilichekwa. Mimi sikuicheka. Mtu ambaye mwili wake umefika ukingoni akisikia amri ya kusimama, sina ujuzi wa kumwambia amri ile haikutoka inakotoka. Kuhifadhi uhai kunatangulia mengi katika sheria yetu, seuze dakika chache za mpira. Ila swali halikuishia hapo. Ikiwa filimbi ile ilikuwa rehema kwa Sikazwe, je, Tunisia walidhulumiwa na nani? Mungu hadhulumu. Sikazwe hakuwa na akili zake timamu, na asiye na akili zake kalamu imeondolewa juu yake. Lakini dakika zile zilikuwa haki ya watu, na zimepotea.

Mpwa wangu, mvuvi, kijana mwenye imani safi na ubishi mwingi, alinijibu kwa wepesi. "Mjomba, Mungu keshaandika. Jua lake, mja wake, mpira wake. Sisi tunabishana nini?"

"Jua la Mungu," nikamwambia. "Ratiba ya nani?"

Mvuvi angekuwa wa kwanza kulielewa hilo. Upepo ni wa Mungu, lakini nahodha akiwapeleka watu baharini siku ambayo wazee wote wamevuta ngalawa juu, maiti wakirudi hatusemi kadari tukaenda kulala. Tunamuuliza nahodha. Sayyidna Omar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kwamba kuna tauni, akageuza msafara. Akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu lake lilikuwa kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, na akatoa mfano wa mwenye ngamia aliyefika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: akichunga huku au kule, kote yumo katika kadari. Saa nane mchana ni kadari. Saa moja usiku nayo ni kadari. Aliyekaa na kalamu akachagua saa nane ndiye wa kuulizwa.

Na saa huchaguliwa kwa hesabu. Kombe la Dunia la 1986 kule Meksiko, Argentina na Uingereza waliingizwa uwanjani saa sita mchana, kwa sababu Ulaya ilikuwa jioni na watu wako mbele ya televisheni. Fainali ya 1994 ilianza saa sita na nusu mchana, Pasadena, jua la Julai la California, kwa sababu ileile. Anayesema ratiba haiwezi kuhamishwa atazame Qatar: mwaka 2022 walihamisha Kombe la Dunia zima kutoka Juni na Julai hadi Novemba na Desemba, ligi za Ulaya zikasimama, na juu ya hayo wakatia viyoyozi viwanjani. Sikazwe alikuwemo. Alichezesha Ubelgiji na Kanada mpaka mwisho wa dakika zake.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Sheria ya 5 ya mpira inasema uamuzi wa refa juu ya mambo ya mchezo, yakiwemo goli na matokeo, ni wa mwisho. Vijana huona huo ni udikteta. Mimi naona ni fikhi tupu. Kwetu Mashafi, kadhi akihukumu akiwa na hasira au njaa ametenda makuruhu, na hukumu yake inapita. Lazima ipite, la sivyo kila aliyeshindwa angekuja mahakamani na ushahidi kwamba Bwana Kadhi hakunywa chai. Lakini kupita kwake ni kwa dhahiri. Batini iko palepale. Mtume mwenyewe alionya kwamba huenda mmoja wa wagombanao akawa na ulimi mwepesi zaidi, akahukumiwa haki ya ndugu yake, basi asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Nimeandika hukumu za namna hiyo kwa mkono wangu. Kiapo kimeapwa, mashahidi hakuna, kadhi kahukumu alichosikia, na wote mle chumbani tunajua.

Chukua mchana ule wa Meksiko. Diego Maradona aliutia mpira wavuni kwa mkono. Refa, Ali Bin Nasser wa Tunisia, hakuuona mkono. Akamtazama mshika kibendera wake, Bogdan Dochev wa Bulgaria, hakuona ishara, akakubali goli. Bin Nasser alijitahidi akakosa, na mwenye kujitahidi akakosa ana ujira mmoja. Goli lilihesabiwa, Argentina wakashinda 2-1 na kombe wakabeba. Kwa dhahiri ni goli hadi kiama. Aliyejua ni mwenye mkono, naye mambo yake yamekwisha, tumwachie Mola wake. Nisichokubali ni kuiita ile bahati. Bahati haina vidole vitano.

Ghana ni habari nyingine, na ndiyo inayoninyima usingizi kwa sababu hapo sheria haikukosea popote. Julai 2, 2010, Soccer City, Johannesburg, robo fainali, 1-1, dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Luis Suárez wa Uruguay akauzuia mpira kwa mikono juu ya mstari. Refa aliona. Kadi nyekundu, penalti. Kila ambacho kadhi angeweza kutoa kilitolewa. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mtambaa wa panya ukaenda zake. Dakika chache baadaye, kwenye matuta, Gyan yuleyule alipiga wa kwanza akafunga, lakini Ghana wakatolewa 4-2.

Hapo ndipo naliweka neno kadari, na naliweka kwa heshima. Haki imeshalipwa yote, halafu mti ukaamua. Sina wa kumuuliza. Mpwa wangu anataka neno hilo lifunike Limbe na Johannesburg kwa shuka moja, nami nasema shuka hilo ni fupi. Ukilivuta lifunike ratiba, saa na hela za televisheni, unamsingizia Mola mambo ya watu wa maofisini.

Nakiri kwamba hata rehema ina pande zake. Fortaleza, Brazil, Juni 2014, Uholanzi na Meksiko walisimamishwa wanywe maji kwa sababu ya joto, jambo jema kabisa. Meksiko walikuwa mbele 1-0. Kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, akautumia mwanya wa maji wa kipindi cha pili kubadilisha mfumo, na mwenyewe alieleza hivyo baadaye. Wesley Sneijder akasawazisha dakika ya 88, kisha ikaja penalti ya dakika za majeruhi ambayo Wameksiko hawajaisamehe mpaka leo. Maji waligawiwa sawa. Aliyefaidika alikuwa mmoja. Hapo sioni dhulma. Naona kocha aliyekuwa macho.

Januari 2026 ikaja zamu yetu. Taifa Stars walifika 16 bora ya AFCON kwa mara ya kwanza, wakakutana na wenyeji Moroko mjini Rabat, Brahim Díaz akafunga dakika ya 64. Mwishoni tulililia penalti, refa akakataa. Baraza zima lilisimama. Mpwa wangu, huyohuyo wa kadari, ndiye aliyetukana kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikamwuliza, "Mungu hajaandika leo?" Akanitazama vibaya, akasema, "Mjomba, ile ilikuwa penalti." Tumeanza kuelewana.

AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda. Ikichezwa katikati ya mwaka tutakuwa kwenye kipupwe, na pwani yetu wakati huo ina huruma kidogo. Lakini saa nane ni saa nane. Ratiba ikitoka, wenzangu watakimbilia safu ya majina ya timu. Mimi nitaanzia safu ya saa.