Mama Yake Yuko Wapi?

Katika kaya za wafugaji wa Bariadi na Itilima, Tanzania, mtoto wa mbwa kwa kawaida huombwa kwa jirani. Mwombaji humkuta jike amejilaza kivulini karibu na zizi, chuchu zimemlegea, watoto wakisukumana kunyonya. Anachagua wake, kisha anaambiwa asubiri mpaka mtoto huyo aache ziwa.

Mjini, biashara humalizikia kwenye simu: picha, bei, namba ya kutuma pesa. Mama hayuko pichani.

Je, uhai unauzika? Wanazuoni wa Kiislamu walilibishania jambo hili zamani. Hadithi sahihi, zikiwemo alizozikusanya Bukhari, zinakataza kupokea thamani ya mbwa, na madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi Pwani, hayaikubali biashara hiyo; Wahanafi wanairuhusu kwa mbwa mwenye manufaa, kama wa ulinzi au wa mawindo. Lakini Bukhari huyohuyo amepokea habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi. Kwa Wakristo, Mithali 12 inampima mwadilifu kwa anavyomjali mnyama wake. Kwa pande zote mbili, mwenye mnyama ana deni kwake, na deni hilo halifutwi na malipo.

Uovu wa wanaozalisha mbwa kama bidhaa umejificha kwa yule mama asiyeonekana. Lucy, jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, alikuwa na mgongo uliopinda kwa kuzalishwa mfululizo kizimbani. Sheria iliyopewa jina lake ilianza kutumika England Aprili 2020: madalali hawaruhusiwi tena kuuza mbwa wa chini ya miezi 6, na mnunuzi lazima amwone mtoto akiwa na mama yake. Jambo ambalo mwombaji wa Itilima hulifanya bila sheria!

Hata hivyo, zawadi nayo ina deni lake. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu, na Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili kukizuia.

Basi, unayetaka mbwa, umnunue au upewe, omba kumwona mama yake na uulize habari za chanjo. Muuzaji akikwepa, usitume pesa. Mwone afisa mifugo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ipo tangu 2008.