Je, Mwalimu wa Uzima Aweza Kujiua?

Mara nyingi tunawaonya vijana juu ya sinema, na mara nyingi tuna haki. Lakini iko sinema moja iliyonisumbua roho kwa njia nyingine. Jina lake ni Harold and Maude. Ilitengenezwa California, Marekani. Hal Ashby aliiongoza, na Colin Higgins aliiandika. Ilipotoka mwezi wa Desemba 1971 watu wachache tu walikwenda kuitazama. Baadaye wengine wakaishika, wakairudia miaka na miaka, hata mwaka 1997 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kati ya sinema za kutunzwa.

Habari yake ni hii. Harold ni kijana wa yapata miaka 20, mtoto wa mama tajiri. Hana kazi, hana rafiki. Mchezo wake ni kujifanya mfu. Mara ajitundika kwa kamba, mara aonekana kati ya damu ya uongo. Mama yake hashtuki. Amkumbusha tu saa ya kula. Kijana huenda pia kwenye maziko ya watu asiowajua, na huko akutana na Maude, mama mzee anayekaribia kutimiza miaka 80. Huyu naye hupenda maziko ya wageni, lakini kwa moyo wa furaha. Huchukua magari ya watu bila ruhusa (wizi ni wizi, hata mzee akicheka). Aling'oa mti uliokuwa ukisongwa na moshi wa mji, akaupeleka msituni kuupanda upya. Ampa Harold banjo ajifunze kupiga. Polepole yule aliyecheza na mauti ataka kuishi. Tena ampenda mama mzee huyu, ataka kumwoa.

Niliitazama pamoja na vijana wetu, nao hapo wakapiga kelele za kucheka. Sikuwakataza. Kwetu nkambo humwita mjukuu wake «bwana yangu», naye humjibu «bibi yangu», na nyumba nzima hucheka, maana kila mtu ajua mpaka uko wapi. Nyumbani kwa Harold hakuna utani huo, wala mzee wa kuketi naye. Kwamba sinema yavuka mpaka, hilo siwezi kulisifu. Lakini ndani yake yumo padri anayetaka kumzuia kijana, na sababu yake ni kwamba mwili wa mzee unamtia kichefuchefu. Angalisema juu ya ahadi na wajibu wa ndoa, ningalimsikiliza. Sheria ya Kanisa haimkatazi mzee kufunga ndoa, na mikunjo ya ngozi si dhambi.

Neno zito liko mbele. Siku ya kutimiza miaka 80, Harold akiwa amemwandalia karamu, Maude amwambia kwamba amekwisha kumeza vidonge, na kabla ya usiku kwisha atakuwa amekufa. Aliamua hivyo zamani. Basi, yule aliyemtoa kijana kaburini aingia mwenyewe kwa miguu yake.

Wengine watamtetea. Kabla ya hapo twaona kwa nukta moja, bila neno lolote kusemwa, namba zilizochorwa mkononi mwake: alikuwa mfungwa katika kambi za Wanazi. Watu wengine walikwisha kujifanya wenye uzima wake. Je, si haki yake sasa kuchagua saa yake mwenyewe? Hoja hii nimekaa nayo siku nyingi. Lakini nauliza: wale waliomchora walimfanya nini, ila kumgeuza hesabu? Naye Maude, kwa upole na kwa kicheko, ajihesabu tena: 80, yatosha. Mti ule haukuambiwa kwamba umeishi vya kutosha. Ulibebwa.

Tena hakuwa peke yake. Alikuwa amefunga moyo wa mtu mwingine na wake. Harold alia ndani ya gari la wagonjwa, yeye aliyefanya kifo kuwa mzaha.

Mwishoni gari lake laanguka kutoka jabali refu, nasi twadhani yumo ndani. Kumbe asimama juu, na banjo mkononi, ajiendea akipiga. Kijana mmoja kati yetu akaniuliza: «Mwalimu, basi mama yule alifanya vema, maana Harold ameishi?» Nikamjibu kwamba Harold aliishi kwa siku alizopewa na Maude, si kwa vidonge. Hakuridhika. Akasema: «Bila kifo kile, angaliacha gari lianguke peke yake?» Sikuwa na jibu. Nikamwomba arudishe picha nyuma, tutazame tena uso wa Harold ndani ya gari la wagonjwa.