Nani Aliishika Simu Yako?

Wanangu, simu ikipata moto mfukoni si lazima iwe na jasusi. Betri ikichoka hupata moto. Bando nalo likiisha kabla ya jioni, anzeni na zile video zinazojicheza zenyewe. Vijana huniletea simu hapa kwenye meza yangu ya ufundi, shikamoo yenyewe haijakamilika, "Mzee nimedukuliwa," na nikiifungua nakuta betri imevimba. Halafu anakuja binti ambaye simu yake haina shida hata moja, chaji inakaa, haikwami, ila mchumba wake anajua alichomwandikia dada yake jana saa tatu usiku. Huyo ndiye ninayemvutia kiti.

Dalili nzito ndiyo hiyo: mtu kujua asichoambiwa. Anakukuta mahali ambapo hukumuaga unakwenda, au anakurushia neno ulilomwandikia mwingine.

Swali langu la kwanza huwa ni nani aliishika. Programu za upelelezi zinazouzwa mtandaoni kwa wake, waume na mabosi, nyingi hazirukii simu kutoka hewani. Zinataka mkono wa mtu, dakika chache, simu ikiwa wazi. Anapakua faili nje ya Play Store, anazima Play Protect, ile kinga ya Google dhidi ya programu hatari, anaipa programu ruhusa zote inazoomba, anaificha, anakurudishia simu yako na tabasamu. Kwa hiyo mnapoambiana patani ya kufungulia simu kama ushahidi wa mapenzi, mjue mnachokabidhi. Na sisi mafundi tumo. Mmeona ile karatasi ya gundi nyuma ya simu iliyoletwa kubadilishwa kioo, imeandikwa namba ya siri kwa kalamu, mbele ya wateja wote? Kubadilisha kioo hakuhitaji namba yako. Fundi akimaliza, ujaribu mwenyewe mbele yake.

Msidhani ni mambo ya wivu peke yake. Mei 2025 watengenezaji filamu walikamatwa Nairobi na vifaa vyao vikachukuliwa. Waliporudishiwa, wataalamu wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walizichunguza simu na kukuta baadhi zimewekewa FlexiSPY, programu inayouzwa wazi kwa mwenye hela, na kwa maelezo yao iliwekwa wakati simu ziko mikononi mwa polisi. Simu iliyokaa kwa mtu mwingine usiku mmoja, awe yeyote, ikirudi ikaguliwe kabla hujaandika neno.

Sasa kuikagua. Kwenye Android ingia Play Store, uone kama Play Protect imezimwa na wewe hukuizima. Kisha ingia Mipangilio, tazama programu zilizopewa usimamizi wa kifaa, zinazoruhusiwa kusoma arifa, na zaidi ya zote zilizopewa Ufikivu. Ruhusa hiyo ya Ufikivu iliwekwa kwa ajili ya wasioona vizuri na wenye ulemavu mwingine, na programu iliyoipata inaweza kusoma kilichopo kwenye skrini na hata kubonyeza badala yako. Wapelelezi wanaipenda mno. Hujipa majina ya kuchosha, mfano System Service, ili macho yako yapite tu. Lakini simu ina programu halali zenye majina ya namna hiyohiyo, kwa hiyo msifute ovyo. Uliza kwanza hii ya kuhudumia mfumo inatakia nini meseji zangu.

iPhone ni ngumu zaidi kuwekewa, basi wengi hupitia nywila ya iCloud na kusoma nakala wakiwa mbali. Tangu iOS 16 ya mwaka 2022 kuna sehemu iitwayo Safety Check inayokuonyesha nani unamshirikisha nini, na kukata.

Mara nyingi, hata hivyo, sikuti programu yoyote. Nafungua WhatsApp, nagusa Vifaa Vilivyounganishwa, na hapo tunakuta: Google Chrome, Windows, ilitumika leo saa nne na dakika arobaini asubuhi. Binti hana kompyuta. Mtu alichukua simu yake akiwa anaoga, akaskani nayo msimbo ulio kwenye kompyuta, na tangu hapo anasoma kila kitu, hata simu yenyewe ikiwa imezimwa. Ukaguzi huu ni wa nusu dakika na hauna gharama. Tazameni pia Google Maps kama mnamwonyesha mtu mlipo, na kwenye akaunti ya Google, vifaa vilivyoingia.

Ule ujumbe mnaosambaziana, kwamba ukipiga *#21# utajua kama unapelelezwa, hautafuti jasusi. Unaonyesha kama simu zinazokuingia zimeelekezwa namba nyingine, basi. Programu za bure za "kusaka wapelelezi" nazo muwe nazo macho, maana zinaomba ruhusa zilezile.

Ipo Pegasus ya NSO Group ya Israeli, inayoweza kuingia bila kuguswa simu. Mwaka 2021 ilibainika imeingizwa kwenye simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda. Hiyo huuziwa serikali. Kama kazi yenu inawakasirisha wakubwa, mimi na bisibisi yangu hatuwatoshi.

Ukikuta programu ya upelelezi kwenye simu yako, mwanangu, usiifute papo hapo. Hapa ndipo ninaposema kwa ukali. Aliyeiweka ataona taarifa zimekatika, na kama ni mtu wa ngumi, utakuwa naye chumba kimoja. Kwanza jiulize uko salama wapi. Piga picha ya hiyo skrini kwa simu ya mtu unayemwamini, na mazungumzo ya kuomba msaada yafanye kwa simu hiyo, si yako. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Ukishakuwa mahali pazuri, badilisha nywila ya Google kutoka kifaa kingine, hifadhi picha zako, kisha rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani na upakue programu moja moja upya.

Na wewe unayetaka kumwekea mwenzio: kampuni ya LetMeSpy ya Poland ilidukuliwa Juni 2023, zikamwagika meseji za waliopelelezwa pamoja na anwani za barua pepe za wateja waliolipia, na kabla ya mwaka kwisha ikafunga. Siri za mkeo zilikuwa zinalala kwenye kompyuta ya watu wasioweza kulinda hata duka lao. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaita kosa kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini na kunasa mawasiliano yake, na haina kifungu cha wivu. Wanakuja mezani kwangu wenye maombi hayo, wengine wamevaa suti. Nawarudishia simu na hela yao.