Je, Pumziko la Wazee ni Deni au ni Anasa?

Liko swali ambalo kila nyumba italiulizwa siku moja, ijapokuwa wengi huliahirisha: mtu aliyefanya kazi mpaka mvi zikamjaa kichwani, je, anayo haki ya kupumzika? Na ikiwa anayo, ni nani mwenye wajibu wa kumpa pumziko hilo? Wengine hujibu upesi: «Mzee atapumzika kaburini.» Wengine husema: «Apumzike akitaka, ni shauri lake mwenyewe.» Majibu hayo yote mawili ni mepesi mno. Ili jambo lionekane wazi, na tutazame kwanza desturi moja ya watu wa mbali, ambayo kwa mtu wa kijijini yaweza kuonekana kama kichekesho; kisha tupime kama hamna neno la kweli ndani yake.

1. Nyumba yenye magurudumu

Katika nchi za Marekani na Kanada wako wazee wengi, mume na mke, ambao wakiisha kuacha kazi kwa sababu ya umri hununua au hukodi motokaa kubwa iliyotengenezwa kama nyumba. Ndani yake mna kitanda, meza, jiko la gesi, friji ndogo, choo, tangi la maji safi na tangi lingine la maji machafu. Majira ya joto yakifika, yaani tangu mwezi wa sita mpaka wa nane, njia za kaskazini hazina theluji. Ndipo wazee hao hufunga mlango wa nyumba yao, humwachia jirani ufunguo, nao hushika safari. Leo mume huendesha na mke hutazama ramani, kesho hubadilishana. Jioni husimama katika kiwanja kilichotengwa kwa motokaa za namna hiyo, hulipa ada, huchota maji, hupika, hulala. Asubuhi, kabla ya kuondoka, hufunga kila kabati na kila kikombe, maana kitu kisichofungwa kitaanguka kwenye kona ya kwanza.

Safari inayotamaniwa na wengi ni ile ya Alaska. Barabara yake huanza mji wa Dawson Creek, katika Kanada, hufika Delta Junction, katika Alaska, nayo ni karibu kilometa 2,200. Mbele yake uko mji wa Fairbanks, ambako mwishoni mwa mwezi wa sita jua huonekana karibu saa 22 kwa siku moja. Wazee hupita misitu mirefu, mito ya maji baridi na milima yenye barafu. Pengine huona dubu kando ya njia. Hawaendi kuuza kitu, wala kutafuta kazi, wala kumzika ndugu. Wanakwenda kuona tu.

2. Mashaka yenye maana

Mtu wa kijijini akisikia habari hii atauliza: «Ni wazee gani hawa wanaotangatanga kama vijana? Wajukuu wamemwachia nani? Shauri likizuka katika ukoo, nani atalikata?» Mashaka haya yasidharauliwe. Wahenga walisema: penye wazee haliharibiki neno. Kijiji kisicho na wazee ni kama nyumba isiyo na nguzo ya kati. Paa laweza kusimama siku kadhaa, lakini upepo wa kwanza utaliangusha.

Walakini na tufikiri vema. Hata kijijini mama mkongwe huondoka baada ya mavuno, huenda kwa binti yake aliyeolewa mbali, akakaa huko miezi miwili au mitatu. Hakuna amwitaye mzururaji. Wote husema: «Amekwenda kuwasalimu watu wake.» Basi kosa haliko katika kuondoka. Kama liko, litafutwe mahali pengine: katika kile anachokiacha mtu bila mtunzaji, au katika moyo anaouchukua njiani. Mzee aondokaye ili asiwajibike kwa mtu yeyote, huyo amekimbia. Mzee aondokaye akijulikana alipo, akingojewa na watu wake, naye akiwakumbuka, huyo hakuwaacha.

3. Ni nani aliyelipa?

Sasa tuingie ndani zaidi. Wazee hao wa Marekani hupata wapi fedha ya kula na kununua petroli, ikiwa hawafanyi kazi tena? Wengine walijiwekea akiba. Lakini wengi hutegemea pia malipo ya uzee, yaani pensheni. Zamani watu wengi wa nchi za Ulaya na Marekani walifanya kazi mpaka mwili ukakataa, kisha wakawa mzigo wa watoto wao au wakaombaomba. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilitoa sheria ya kuwalipa wafanyakazi waliofikisha miaka 70. Marekani ilitoa sheria yake mwaka 1935, wakati wa rais Franklin Roosevelt. Tangu hapo mfanyakazi hukatwa sehemu ndogo ya mshahara, na akizeeka hulipwa kila mwezi mpaka kufa kwake.

Mtu wa kwanza kupokea malipo hayo ya kila mwezi alikuwa mwanamke, Ida May Fuller, karani katika jimbo la Vermont. Mwaka 1940 alipokea dola 22 na senti 54. Alikuwa amekatwa mshahara kwa miaka mitatu tu, na jumla yake haikufika dola 25. Naye aliishi miaka 100, akafa mwaka 1975, akiisha kupokea zaidi ya dola 22,000. Hesabu hii yatufundisha neno kubwa. Ni wazi kwamba fedha yake mwenyewe ilikwisha mapema sana. Aliyemlisha miaka yote iliyobaki ni nani? Ni wale waliokuwa wakifanya kazi wakati huo, vijana asiowajua kwa sura wala kwa jina. Kijana wa leo humlisha mzee wa leo. Naye kijana huyo akizeeka, atalishwa na wale ambao leo ni watoto.

Msomaji, je, desturi hii ni ngeni kwako? Hata kidogo. Ni ile ile ya mtoto kumlisha mzazi aliyemlea. Tofauti ni kwamba huko imefanywa kuwa sheria ya taifa zima, nayo hupitia katika ofisi na daftari. Kijijini hupitia katika kibuyu cha maji na sahani ya ugali. Njia ni mbili, deni ni moja.

Wala isidhaniwe kwamba sheria hiyo ilikuwa kamilifu tangu mwanzo. Ile ya mwaka 1935 haikuwahesabu wafanyakazi wa mashamba wala watumishi wa nyumbani. Waliolima chakula cha taifa, na waliofua nguo zake, waliachwa nje, nao walikuja kuingizwa katika miaka ya 1950. Hivyo ndivyo wanadamu walivyo: huwa wepesi kuona jasho la mwenye kalamu, wazito kuona jasho la mwenye jembe.

4. Hata barabara ina wenyewe

Tena, hebu fikiri juu ya ile barabara ya Alaska. Mzee anayeendesha juu yake kwa raha hakuichimba yeye. Ilikatwa mwaka 1942, wakati wa vita kuu, kwa muda wa miezi minane hivi. Walioikata ni maelfu ya askari wa Marekani, na karibu theluthi yao walikuwa watu Weusi, ambao siku zile walitengwa na wenzao katika vikosi vyao wenyewe. Walifanya kazi katika matope, katika mbu wengi, kisha katika baridi kali. Leo mume na mke hupita pale wakinywa chai.

Je, ni dhambi kupita juu ya jasho la wengine? La. Kila mtu hupita juu ya jasho la wengine: hula mbegu zilizochaguliwa na wahenga, hunywa katika kisima alichochimba babu. Kosa ni kupita na kudhani kwamba njia ilijitengeneza yenyewe. Apumzikaye bila kujua nani alimwezesha kupumzika, pumziko lake ni kama la mnyama aliyeshiba. Apumzikaye huku akishukuru, pumziko lake ni la mtu.

5. Motokaa moja, hali mbili

Lakini yapasa kusema na upande wa huzuni. Katika njia zile zile za Marekani wako wazee wengine wanaolala katika motokaa, nao hawatembei kwa furaha. Baada ya shida kubwa ya fedha ya mwaka 2008 watu wengi walipoteza nyumba zao au akiba yao. Pensheni peke yake haikuwatosha kulipa kodi ya nyumba. Wakahamia ndani ya motokaa, wakawa wanafuata vibarua kutoka jimbo hadi jimbo: kuvuna mazao, kufagia viwanja vya wasafiri, kubeba vifurushi katika maghala makubwa, wakiwa na miaka 60 au 70 na zaidi. Mwandishi Jessica Bruder aliandika habari zao katika kitabu kiitwacho Nomadland, kilichotoka mwaka 2017.

Ukiziona motokaa mbili zimesimama pamoja jioni, huwezi kuzitofautisha. Katika moja mna watu waliochagua safari. Katika nyingine mna watu waliosukumwa na umaskini. Magurudumu ni yale yale, jiko ni lile lile, lakini mmoja amepumzika na mwingine amefukuzwa. Hapo twajifunza kwamba pumziko si kitu cha kuonekana kwa macho. Mzee aweza kuketi kivulini mchana kutwa, na wapitao wakasema: «Tazama, anapumzika.» Kumbe hakupumzika, bali ametupwa, hakuna amwulizaye neno. Na mwingine aweza kushughulika tangu asubuhi, akisuka kikapu chake, naye amepumzika kweli, kwa sababu hakuna amlazimishaye. Pumziko la kweli ni lile alilolichagua mtu, naye yu salama ndani yake.

6. Wajibu wa apumzikaye

Je, mwenye kupumzika hana wajibu tena? Anao, na nyumba ya magurudumu yenyewe humfundisha. Kwanza, humfundisha kiasi: tangi likiwa dogo, maji hupimwa, kabati likiwa jembamba, nguo huchaguliwa. Wengi waliokusanya vitu miaka 40 hugundua hapo kwamba watu wawili huhitaji vichache. Pili, humfundisha uvumilivu. Mume na mke walioonana asubuhi na jioni tu wakati wa kazi, sasa hukaa mchana na usiku katika chumba kimoja. Neno la ukali halina mahali pa kukimbilia, basi halina budi kutulizwa. Tatu, humpa nafasi ya kufaa wengine. Wako wazee ambao kila mwaka hukaa miezi kadhaa katika hifadhi za taifa wakiwapokea wageni na kutunza viwanja, na malipo yao ni mahali pa kusimamisha motokaa bila ada. Nne, na hili ni gumu kuliko yote, yapasa mzee ajue siku ya kutoa ufunguo. Macho yakififia na mkono ukichelewa, si heshima tena kushika usukani. Ni hatari kwa mkewe na kwa watoto wa watu. Mzee mwenye busara hutoa ufunguo mwenyewe, hangoji kunyang'anywa.

7. Na sisi kijijini?

Basi, wasomaji wapenzi, rudini kwa macho mpaka uani kwenu. Mkulima hana bwana wa kazi anayemkatia mshahara ili amlipe uzeeni. Pensheni yake ni watoto wake, na majirani wenye moyo. Mithali yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mzee si mgeni. Jembe alilishika kabla ninyi hamjazaliwa, na shamba mnalolima alilifyeka yeye. Je, ni haki mama wa miaka 70 ateremke mtoni na kupanda kilima na mtungi kichwani, ilhali wajukuu wenye nguvu wanacheza? Je, ni haki aachiwe watoto wadogo kila siku tangu alfajiri hadi jioni, pasipo mtu kumwuliza: «Mama, leo umechoka?»

Hakuna anayetakiwa kununua motokaa. Yatosha kijana achote maji kabla ya kuombwa. Yatosha, baada ya mavuno, mzee apewe mjukuu wa kumsindikiza, na chakula cha njiani, aende kumwona dada yake asiyemwona kwa miaka mingi, miguu yake ingali inaweza. Tena apewe nafasi ya kukataa, maana kumpumzisha mtu si kumfungia, wala si kumnyamazisha barazani. Shauri lake liendelee kutafutwa, hata kama mzigo wake umechukuliwa na wengine.

Kwa hiyo jibu la swali ni hili: pumziko la mzee si anasa, ni deni. Nalo ni deni lenye wakati wake. Deni la fedha laweza kulipwa hata mwakani. Lakini mzee aliyetaka kuuona mto wa kwao mara moja tena, akiisha kupofuka, ni nani atakayemlipa?

Maswali ya kuzungumza jioni:
1. Katika nyumba yenu, ni nani mzee kuliko wote, na ni kazi gani angali anaifanya kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea?
2. Kuna tofauti gani kati ya mzee aliyepumzika na mzee aliyeachwa?
3. Mwulizeni mzee mmoja: «Kama ungepata siku kumi za kuwa huru, ungekwenda wapi?» Msikilizeni mpaka mwisho.