Malisho ya Mji Yasiuzwe

Masomo: Mambo ya Walawi 25:32-34, Hesabu 27:1-7



Katika sheria ya Musa, habari za miji ya Walawi, limo neno ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Mungu aliamuru kila mji uzungukwe na uwanja wa malisho, na kipimo chake kikaandikwa: dhiraa 2000 kila upande (Hesabu 35:5). Tena twaambiwa kwamba Mlawi akiuza nyumba yake aweza kuikomboa wakati wowote, bali malisho ya mji hayauzwi kabisa. Kwa nini nyumba iuzwe, na malisho yasiuzwe? Kwa sababu aiuzaye nyumba auza kilicho chake. Malisho ni ya mji wote, na ya watoto ambao hawajazaliwa bado. Ni nani awezaye kuuza mali ya mtu asiyezaliwa?

Sisi wa Bukoba na Muleba hatuhitaji mfasiri wa neno hili, maana wazee wetu walikaa vivyo hivyo. Kulikuwa na kibanja, na kulikuwa na rweya. Kibanja ni mahali pa nyumba na ukoo, penye migomba na mibuni. Rweya ni nchi ya majani iliyo kati ya vijiji. Humo ng'ombe walichungwa, majani ya kuezekea na ya kutandaza migombani yalikatwa, na akina mama walilima njugu mawe. Mgeni akiitazama aliiona kuwa nchi tupu isiyo na mwenyewe. Lakini mwenye kibanja ajua kwamba mgomba hula kutoka rweya, kwani samadi na majani ndivyo vilivyonenepesha udongo wa kibanja tangu zamani. Rweya ikiisha, kibanja nacho kitakonda.

Siku hizi rweya yapungua. Mahali pengine imepandwa mikaratusi, mahali pengine imekatwa vipande na kuuzwa. Kupanda mti si dhambi, wala kununua shamba si dhambi. Hata hivyo nabii Isaya (5:8) atangaza ole juu ya watu waongezao shamba kwa shamba, hata wengine wakose nafasi. Na mjini ni vivyo hivyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au wa mto, na mto Kanoni ukifurika hutufundisha wenyewe sababu ya sheria hiyo. Tena tukumbuke tarehe 10 Septemba 2016, siku ya tetemeko la nchi. Nyumba nyingi zilianguka, na watu wengi wakalala nje. Siku ile kiwanja kitupu kilikuwa na thamani kuliko jumba la matofali.

Basi, yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tuikumbuke amri ya saba. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther hakufundisha tu kwamba tusichukue mali ya jirani. Alifundisha pia kwamba tumsaidie jirani kuitunza mali yake. Kwa hiyo amwonaye mtu akimega ardhi ya wote, naye akanyamaza, asijihesabu kuwa ameishika amri kwa sababu mikono yake ni mitupu.

Pili, tuwatazame binti watano wa Selofehadi. Hawakung'oa mipaka usiku, wala hawakunung'unika kisimani. Walisimama mchana mlangoni pa hema, mbele ya Musa na kuhani Eleazari na wakuu na mkutano wote, wakasema haja yao. Musa akaileta mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena haki. Hata kwetu mambo yamekuwa hivyo. Watu wa Buhaya walilalamika miaka mingi juu ya nyarubanja, ambayo kwayo mkulima alikuwa mpangaji katika shamba alilolilima mwenyewe. Na sheria ya mwaka 1965 ikaja kuwafungulia. Na mwaka 1990 Mahakama Kuu, ikikaa Mwanza, ilihukumu kwamba mwanamke Mhaya ana haki juu ya ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Shauri hilo lilianza katika mahakama ya mwanzo, wilayani Muleba.

Tatu, tuutumie mlango uliofunguliwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ni mdhamini wa ardhi, si mwenye kuimiliki, wala haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali. Sheria hiyo yaruhusu sehemu itengwe kuwa ya wote. Na kwa sheria ya mwaka 2007, kijiji chaweza kuwa na mpango wake wa matumizi ya ardhi. Kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini. Lakini siku ya mkutano Wakristo wako wapi? Viti vikiwa vitupu, wachache huamua, na asubuhi tunaamka rweya ina mwenyewe.

Wengine husema, "Mambo ya ardhi ni ya serikali, kazi yetu ni kusali." Ni kweli tusali. Lakini tusemapo tupewe riziki ya leo, Katekisimo yatufundisha kwamba twaomba pamoja na hayo shamba na utawala mwema. Aombaye utawala mwema asikatae kutembea mpaka mkutanoni. Wengine huogopa kuchukiwa, hasa mnunuzi akiwa ndugu au mzee wa usharika. Na aseme naye kwanza faraghani, kwa upole, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Asiposikia, neno lisemwe mkutanoni, bila matusi, bila panga, bila kung'oa mche wa mtu.

Nanyi wainjilisti na walimu, nawasihi. Ulizeni kama kijiji chenu kina mpango wa ardhi, na kama rweya iliyobaki imeandikwa kuwa ya wote. Mlio mjini, ombeni kuonyeshwa ramani ya mtaa wenu, mkajue viwanja vya wazi ni vipi. Siku ya mkutano ikitangazwa, itangazeni kanisani, tena waambieni akina mama na vijana waje.

Mchungaji wetu mwema hutulaza katika malisho ambayo hakutuuzia. Basi tusiwauzie watoto wetu kile ambacho sisi tulipewa bure. Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe nanyi nyote. Amina.