KABURI LILILO CHINI YA MAJI

Katika Bahari ya Shamu, upande wa Misri, imelala meli ya Kiingereza iitwayo Thistlegorm. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1941 ndege za Kijerumani ziliitupia mabomu ikiwa imetia nanga, nayo ikazama pamoja na shehena yake, na watu 9 wakafa. Siku hizi mashua za watalii husimama juu yake, na watu wenye mitungi ya hewa mgongoni hushuka kiasi cha mita 30 kwenda kuitazama. Katika ngama zake huona malori, pikipiki zilizopangwa safu kwa safu, bunduki, na viatu vya mpira vya askari ambavyo havikupata kuvaliwa. Wakiisha kutazama hupanda juu, na jioni husimuliana waliyoyaona.

Twauliza: watu hao wafanya vema au vibaya? Je, ni halali kwa mwanadamu kuingia mahali walipofia wenziwe, wala si kwa kazi wala kwa ibada, bali kwa kujifurahisha?

Huenda msomaji akatuambia kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa mbali, na kwamba jamaa nyingi miongoni mwetu hazijapata hata kuiona bahari. Twamwomba asubiri kidogo. Miongoni mwa waliolala chini ya maji tangu vita ile wamo watu wetu wenyewe, nasi tutawataja kabla ya kumaliza.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi mlango huu ulivyofunguka. Zamani mzamiaji alivaa kofia nzito ya shaba na kupelekewa hewa kwa mpira kutoka juu, hata hakuweza kwenda mbali. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, walikamilisha chombo kinachompa mzamiaji hewa ya mtungini kwa kadiri anavyovuta pumzi na kwa kadiri ya kina alichofika. Tangu hapo mtu aliweza kutembea chini ya bahari kama samaki. Angalieni mwaka wenyewe: vita ilikuwa ingali ikiwaka, na meli zilikuwa zikizama kila upande wa dunia. Kizazi kilekile kilichochimba makaburi hayo ndicho kilichofua ufunguo wake.

Miezi michache baadaye, tarehe 17 na 18 Februari 1944, ndege za Marekani zilizishambulia meli za Kijapani katika visiwa vya Truk, ambavyo leo vyaitwa Chuuk, kati ya Bahari ya Pasifiki. Meli zipatazo 40 zilizama kwa siku hizo mbili. Leo mahali hapo pana sifa kubwa kwa wazamiaji wa dunia nzima. Maji ni ya vuguvugu, na matumbawe yenye rangi nyingi yameota juu ya mizinga. Lakini ndani ya meli mna vikombe, chupa, viatu, na mna mifupa. Katika moja ya meli hizo, Aikoku Maru, mamia ya watu walikufa kwa mlipuko mmoja. Miaka mingi baadaye Wajapani walirudi, wakatoa mifupa mingi, wakaichoma kwa desturi ya dini yao. Hawakuwa wamewasahau.

Wako wasemao kwamba haya yote ni hofu za bure. Wafu, wasema, hawaoni wala hawasikii; samaki wanapita kati ya mbavu zao, kwa nini mtu asipite? Twajibu kwamba heshima kwa wafu haikujengwa juu ya kusikia kwao. Hatumfuniki maiti kwa sababu aona baridi, wala hatushushi sauti tukipita penye matanga kwa sababu tutamwamsha. Twafanya hivyo kwa sababu mwili ule ulikuwa mtu: ulizaliwa, ukabebwa mgongoni, ukapewa jina. Kanisa limehesabu kuzika wafu kuwa moja ya matendo ya huruma, na watu wa dini zote na wasio na dini wayajua hayo bila ya kufundishwa. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Nasi twaongeza: usione vimezama, vina wenyewe.

Wengine, kwa kuyaona hayo, wamechukua njia ya kukataza kabisa. Tarehe 14 Oktoba 1939 nyambizi ya Kijerumani iliingia bandari ya Scapa Flow, kaskazini ya Scotland, ikaizamisha manowari Royal Oak. Walikufa watu zaidi ya 800, na kati yao vijana zaidi ya 100 walikuwa hawajatimiza miaka 18. Meli hiyo haiko mbali. Yalala mahali ambapo mzamiaji wa kawaida angeweza kufika. Lakini sheria ya Uingereza haimruhusu. Wazamiaji wa jeshi la maji peke yao hushuka kila mwaka, wakabadili bendera iliyo juu yake, wakarudi. Twaliona jambo hili kuwa jema, maana wale wenye wafu ndio wenye neno la kwanza juu ya kaburi, na wao wakisema mlango ufungwe, mgeni hana haki ya kubisha.

Je, tuseme basi kwamba kila mahali pafungwe? Hapo twasita, na sababu yetu iko katika Bahari ya Java.

Katika mapigano yaliyoanza tarehe 27 Februari 1942 Wajapani waliwazamishia Waholanzi manowari De Ruyter, Java na Kortenaer, na mamia ya mabaharia wakafa, Waholanzi pamoja na wenyeji wa visiwa ambavyo leo ni nchi ya Indonesia. Kwa muda wa miaka 60 De Ruyter na Java zililala bila ya mtu kuzitembelea. Mwaka 2002 wazamiaji waliziona. Mwaka 2016 wengine walikwenda kutazama, maana ukumbusho wa miaka 75 ulikuwa umekaribia. Hawakukuta meli. Walikuta mashimo mchangani, yenye umbo la meli. De Ruyter na Java zilikuwa zimetoweka zote, na ya Kortenaer ilibaki sehemu tu. Vyuma vizito vya maelfu ya tani vilikuwa vimeng'olewa kwa ajili ya kuuzwa, maana chuma chakavu kina bei, na shaba ya rafadha ina bei zaidi. Mifupa iliyokuwa ndani ilikwenda wapi? Twaogopa hata kuuliza.

Twafundishwa mambo mawili na habari hii. La kwanza, kaburi lisilotembelewa na mtu mwema hutembelewa na mwizi. La pili, waliokuja kutangaza wizi ule walikuwa wazamiaji. Kama wasingeshuka, mpaka leo jamaa wa marehemu wangetupa maua baharini juu ya shimo tupu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kushuka ni kosa lenyewe. Kuna kushuka kunakolinda na kuna kushuka kunakoharibu, wala maji hayawezi kutupambanulia. Yatupasa kupambanua sisi.

Lililo wazi kupita yote ni kwamba kuchukua ni wizi. Hatusemi juu ya rafadha tu. Kikombe, kifungo cha koti, sahani yenye jina la meli, vyote ni mali ya mtu aliyekufa akiwa navyo, na anayevitia mfukoni amemvua maiti nguo. Mkataba wa mataifa uliotungwa na UNESCO mwaka 2001 wataka mifupa ya watu iliyo majini iheshimiwe, na wakataza vitu vya kale vya chini ya maji visifanywe bidhaa. Lakini mkataba huo walinda vitu vilivyokaa majini miaka 100 au zaidi, na meli za vita ya pili hazijafikia umri huo. Ndiyo kusema kwamba katika bahari nyingi kinachomzuia mtu leo ni dhamiri yake tu na sheria ya nchi ile, kama ipo. Mtu asiyeiba kwa kuwa polisi yupo hatajizuia mahali pasipofika polisi.

Tena kuna kudhuru bila ya kuchukua. Kamba za mashua zikifungwa ovyo juu ya vyuma vilivyooza huving'oa. Hata pumzi ya mzamiaji ina madhara, maana mapovu hukusanyika chini ya dari za vyumba vya meli, na hewa hiyo huzidisha kutu. Mwenye heshima hafanyi haraka kuingia ndani, ijapokuwa njia i wazi.

Lililo gumu zaidi ni jicho. Mtu aweza asiguse kitu, hata hivyo akamfanya marehemu kuwa kichekesho: akapiga picha fuvu la kichwa, akajipiga na yeye pembeni, akaonyesha rafiki zake. Hakuvunja kitu, ila amemgeuza mtu kuwa kitu. Hapo hatuna sheria ya kuandika, bali twatoa kipimo ambacho kila mmoja aweza kukichukua mwenyewe. Lau mama wa askari yule angekuwa amekaa juu ya mashua akikungoja, je, ungepanda ngazi, ukavua miwani ya maji, ukamtazama usoni na kumweleza yote uliyoyafanya huko chini? Ukiweza, umekwenda kama mgeni aendavyo matangani. Ukiona haya, basi umejijibu mwenyewe.

Wala tusiwasahau walio hai. Watu wa Chuuk hawakuita vita ile; ililetwa kwao na mataifa mawili makubwa, nayo iliwaachia bahari yenye mabaki ya meli, na mafuta ambayo mpaka leo yavuja kutoka matumboni mwake. Baadhi yao wapata riziki kwa kuwaongoza wageni. Hatuoni aibu katika kazi hiyo, kama vile hatuoni aibu katika kazi ya mlinzi wa makaburi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mwenyeji naye ana wajibu wa kumwambia mgeni, kabla hajavaa mtungi wake, kwamba hapa walikufa watu.

Sasa tuwataje wa kwetu. Mapema mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon kiitwacho leo Sri Lanka. Ilichukua watu zaidi ya 1,500, na wengi wao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 Februari, wakati wa mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topedo mbili. Kwa muda wa dakika mbili hivi meli ilikuwa imekwisha kuzama. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwamo wanawake 77, wengi wao wauguzi. Waliookoka hawakuzidi sana 200. Nyambizi ile nayo ilizamishwa siku ileile na meli za ulinzi, na karibu watu wake wote wakafa. Waliopiga na waliopigwa wamelala katika bahari moja.

Hakuna mtalii atakayeizamia Khedive Ismail kwa mtungi wa hewa. Kilindi kile ni kirefu mno. Hakuna atakayeiba kikombe cha askari wetu, wala kupiga picha mifupa yake. Bahari yenyewe imewalinda na mikono ya wazamiaji. Je, tushukuru, tukae kimya? La. Kama kosa la mzamiaji mbaya ni kwenda bila ya heshima, kosa letu ni kutokwenda kabisa, hata kwa mawazo. Twamlaumu mgeni anayecheka ndani ya meli ya watu wengine, na sisi wenyewe hatujui jina la meli waliyofia watu wetu. Katika makaburi ya vita ya Nairobi uko ukumbusho wa hao wasio na kaburi ila bahari. Ni wangapi kati yetu wamepita barabara ile bila ya kugeuza shingo?

Basi hili ndilo jibu letu. Anayeshuka na ashuke kama aingiavyo mtu nyumba yenye msiba: mikono mitupu, sauti chini, na nia ya kusimulia ukweli akirudi. Na sisi tusioweza kushuka tunayo kazi iliyo karibu zaidi. Katika jamaa nyingi yuko mjomba au babu ambaye husemwa tu kwamba "alikwenda vitani, hakurudi." Jioni hii waulizeni wazee jina lake kamili, kijiji alikotoka, na mwaka alioondoka. Liandikeni katika daftari mnamoandika vizazi na vifo vya nyumba yenu, mkamwombee kwa jina hilo. Wazee wanaokumbuka ni wachache sasa, na jina lisiloandikwa litazama pamoja nao.