Dawa ya Picha na Haki ya Kuambiwa

Wagonjwa wengi wa Kondoa, Mpwapwa na Manyoni wapelekwa siku hizi katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kupigwa picha za ndani ya mwili. Katika hospitali hiyo hiyo, Machi 2018, madaktari wetu wakisaidiwa na Wajapani walianza kupandikiza figo. Basi nyumba moja inao ufundi wa kumpa mtu figo mpya, na inayo pia dawa iwezayo, mara chache, kuidhuru ile aliyo nayo.

Dawa hiyo hutiwa mshipani kabla ya picha ya siti-skani. Ndani yake mna iodini, nayo huzuia miali ya eksirei hata mishipa na uvimbe vionekane dhahiri. Kisha figo huitoa katika mkojo. Walio wengi hawadhuriki. Lakini figo zilizokwisha kuchakaa kwa kisukari au shinikizo la damu zaweza kuzidiwa, na baada ya siku mbili tatu kipimo cha damu kikaonyesha kuwa taka zarundikana. Aghalabu figo hupata nafuu. Wachache huishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Tusiwatie watu hofu bure. Mwaka 2020 mabingwa wa eksirei na wa figo wa Marekani walitamka pamoja kwamba hatari hiyo ilikuwa imekuzwa mno, na wa kuangaliwa hasa ni wale ambao kipimo cha utendaji wa figo zao kimeshuka chini ya 30, hali kijana mwenye afya hupita 90.

Ikiwa hatari ni ndogo, je, mgonjwa aambiwe? Wako wasemao hapana. Mzee akisikia neno figo, wasema, atarudi kijijini akafe kwa uvimbe ambao picha ingaliufunua. Hoja hiyo si ya kipumbavu, nasi twawajua wazee wa namna hiyo. Lakini yamgeuza mzee kuwa mtoto mchanga. Papa Pio wa Kumi na Mbili alifundisha, Septemba 1952, kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa ila yale apewayo na mgonjwa mwenyewe. Na mtu atatoaje ruhusa ya jambo alilofichwa?

Tena, mgonjwa naye anayo siri yake. Nani ajuaye kuwa mzee amemeza vidonge vya maumivu vya dukani miezi mitatu, au kwamba anywa mizizi na aona haya kuitaja? Nani ajuaye kuwa ametoka Kondoa alfajiri, hajanywa hata tone la maji kwa kuwa aliambiwa asile? Mwili uliokaukiwa maji ndio ambao figo zake hudhurika upesi, na katika nchi yetu kame hilo si jambo dogo. Akiulizwa kama karani aulizavyo, atajibu, "Sina kitu, mwanangu." Akielezwa sababu ya swali, atasema yote, hata ya mizizi.

Iko saa isiyongoja maelezo. Aliyeletwa hajitambui kutoka ajali ya barabarani atiwe dawa, apigwe picha upesi. Akizinduka aambiwe alichotiwa, na ndugu zake waambiwe kuwa damu yake ipimwe tena siku ya pili au ya tatu, hata ikiwapasa kulala mjini.